Kilichokuwa Kooni

"Sioni," Shahidi alisema.

Aliyasema hayo kwa sauti ileile ya upole aliyotumia kuwajulia hali wagonjwa asubuhi, na hilo ndilo lililomuudhi Sista Veridiana Komba kuliko yote. Mtu anakata roho mezani, na mashine inatangaza kuwa haioni, kana kwamba imesahau miwani nyumbani.

Mgonjwa aliitwa Nkwabi, mwanamume wa miaka thelathini na moja, fundi wa pampu za visima. Alikuwa amelazwa usingizi ili awekewe vali mpya ya moyo, iliyochapwa kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe. Kisu kilikuwa hakijamgusa. Usingizi ulipokolea tu, moyo ukasimama. Mkono mkubwa wa Shahidi ukateremka kutoka darini, ukaanza kukandamiza kifua, mara mia na kumi kwa dakika, bila kuongeza wala kupunguza. Veridiana akashika kifuko cha hewa na kumpulizia kwa mikono, kama sheria ilivyoruhusu, mpaka mkono wa pili wenye jicho ulipokuwa tayari kuingia mdomoni kupitisha bomba la kupumulia.

Hapo ndipo tumbo liliporudisha kilichokuwamo. Kilipanda kwa kila kandamizo la kifua, kikajaa kooni, kikafurika puani, kikalifunika lile jicho.

"Sioni. Narudia." Kibomba chembamba cha kunyonyea kilikoroma, kikanyamaza. "Bomba limeziba. Narudia."

Kanuni zilisema mikono ya binadamu iingie baada ya jicho kushindwa mara tatu. Veridiana hakungoja ya tatu.

"Mbwambo, ile ya mguu!"

Mbwambo, fundi wa mitambo wa kituo cha upasuaji cha Mwanhale, alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na magoti yanayouma, lakini siku hiyo aliinama chini ya kabati kama kijana. Akaburuta pampu ya kunyonyea ya kukanyaga, chombo cha zamani kilichostaafishwa tangu Shahidi alipowekwa kituoni. Kila mwaka wakaguzi waliagiza kitupwe, na kila mwaka Veridiana alikificha.

"Kanyaga. Usipumzike. Shahidi, shusha kichwa cha meza. Zaidi. Na mkono usisimame."

"Mkono hausimami," Shahidi alijibu.

Aliyemfundisha Veridiana kazi hii alikuwa mzee mmoja wa chumba cha usingizi, mkali, aliyekuwa akimpiga vidole kwa rula. Usitangulize taa, alikuwa akimwambia, tanguliza bomba. Ukitanguliza taa utaona uchafu tu, na taa yenyewe itazama humo. Basi Veridiana alitanguliza bomba nene, akinyonya huku akishuka, na kibamba cha chuma cha kuinulia ulimi kikifuata nyuma. Alipofika kwenye mlango wa njia ya chakula, upande wa kushoto, aliliacha bomba palepale, amelibana kwa kibamba, ili kila kinachopanda kiishie humo. Hakuhangaika kukausha kila kitu. Alihitaji upenyo wa kidole kimoja tu.

Kabla hajauona upenyo huo, harufu ilimfikia. Ilikuwa harufu ya jikoni alfajiri. Ilikuwa uji.

Alitamani kusimama na kulia, lakini mikono yake haikuwa na nafasi hiyo. Kingo mbili nyeupe za njia ya hewa zilijitokeza, zikafunikwa, zikajitokeza tena. Akapitisha bomba la kupumulia katikati yake, akajaza puto lake, akanyonya ndani ya bomba lenyewe kabla ya kupuliza pumzi hata moja. Kisha akapuliza. Kwenye kioo, mstari wa hewa chafu itokayo mapafuni ukanyanyuka kidogo.

"Hewa imefika," Shahidi alisema. "Asante, Sista."

Imefika, ndiyo, lakini imechelewa. Kifuko kilikuwa kigumu mikononi mwake, kama anapuliza gunia la unga uliolowa. Uji ulikuwa umeshatangulia mapafuni. Walisukuma dawa, wakakandamiza, wakapuliza. Baada ya dakika ishirini na sita Shahidi alipendekeza kusimamisha, akauliza kama Sista ana pingamizi. Alikuwa nalo. Akaomba dakika tano, akapewa, na hazikuleta kitu.

Nkwabi alifariki saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Mkono mkubwa ukapanda darini wenyewe, na Mbwambo akaendelea kukanyaga pampu mpaka Veridiana alipomgusa bega.

*

"Sista," Shahidi alisema, "jicho langu liliziba kwa dakika sita. Taja ulichokiona kooni."

"Nipe dakika kumi."

"Unazo kumi."

Lazima isemwe kwamba Veridiana alimtaka Shahidi kabla Shahidi hajatengenezwa. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi baba yake alipofia hospitalini, na familia ikaambiwa tu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Miaka minne baadaye jirani akawanong'oneza kuwa alitundikiwa damu isiyo yake. Basi watu walipoandamana kudai Sheria ya Ukweli wa Kifo, Veridiana aliandamana nao, na koo likamkauka kwa kelele. Sheria ikapita, na mashine ikaja. Ilikuwa ikifufua watu, na iliposhindwa ilitoa ushahidi: ndani ya saa mbili iliwasomea wafiwa chanzo cha kifo, kwa lugha ya nyumbani kwao, bila kuficha jina la mtu wala kosa lake. Madaktari waovu walikoma. Wavivu wakajifunza bidii. Kwa miaka kumi na moja Veridiana hakuwa na neno baya juu ya sheria hiyo.

Kile ambacho jicho halikuona, sheria ilisema kitajwe na mwenye leseni ya mikono. Katika kituo kizima mwenye leseni hiyo alikuwa mmoja, naye alikuwa yeye. Kusomea nyingine kulichukua miaka miwili, na aliyetumwa kusoma mwaka jana alishindwa mtihani.

Alichukua chupa ya pampu ya mguu, akaingia nayo kwenye chumba cha kuoshea vyombo, mahali pekee ambapo Shahidi hakuwa na sikio. Mbwambo akamfuata na kufunga mlango. Wakaiweka chupa kwenye sinki, wakaitazama.

"Huo ni uji," Mbwambo alisema.

"Naona."

"Lakini bangili ilisema tumbo tupu tangu saa sita usiku. Nimeisoma mwenyewe, nikasema huyu amefunga vizuri kuliko shehe."

Bangili hiyo ilivalishwa kila mgonjwa wa upasuaji. Ilionja damu kupitia ngozi, na mtu akila hata andazi inapiga kelele mpaka nesi aje.

"Bangili ilikuwa mkononi mwa nani, mimi sijui," Veridiana alisema. "Nani alilala naye?"

"Mama yake. Pembeni ya kitanda, kwenye mkeka."

Mama Nkwabi walimfahamu wote wawili. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekondeana, mwenye kusalimia mpaka wafagizi kwa majina. Alikwishazika mume na mashemeji wawili kwa ugonjwa uleule wa moyo, ugonjwa wa ukoo ule. Kwa ajili ya vali hii alikuwa ameomba, amebembeleza, amesubiri foleni miaka mitatu.

"Nikisema uji," Veridiana alisema polepole, "baada ya saa moja ile mashine itamwambia yule mama kwamba amemuua mwanawe. Kwa Kisukuma. Kwa sauti ile ya upole."

"Itamwambia ukweli."

"Najua ni ukweli."

"Na usiposema?" Mbwambo alijifuta jasho kwa kola. "Itatafuta sababu nyingine, maana haiwezi kuacha pengo. Itasema ni hewa uliyompulizia, iliingia tumboni ikapandisha maji. Ni wewe, Sista. Watachukua leseni leoleo."

"Wachukue."

"Usiseme wachukue kama unagawa karanga! Hiyo leseni si yako peke yako. Jicho likiziba wiki ijayo, nani ataingiza mkono? Mimi? Mimi ni wa kukanyaga pampu." Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Umwokoe mama mmoja na maneno, halafu watu wafe kwa sababu hakuna mikono. Hiyo ni huruma gani?"

Mbwambo alikuwa sahihi. Veridiana alijua hilo. Lakini alikuwa amemwona yule mama jana jioni akimkata mwanawe kucha, kidole kimoja kimoja, akizikusanya kwenye kitambaa. Alijaribu kumfikiria mama huyohuyo akikaa na kijiko jikoni kwake miaka ishirini ijayo, kila alfajiri, na hakuweza. Hofu yenyewe ndiyo iliyomshinda, si hoja. Watu huamua mambo makubwa hivyo mara nyingi kuliko wanavyokiri.

"Jicho huziba mara moja kwa mwaka," alisema. "Yule mama ataishi kila siku."

"Sista, ukithibitisha, faili linafungwa. Halifunguliki tena hata ukilia damu. Mimi ndiye ninayelihudumia, nalijua."

Veridiana alifungua bomba la maji, akaimwaga chupa.

*

"Maji ya tumbo," alimwambia Shahidi.

"Rangi?"

"Manjano kidogo."

"Kiasi?"

"Nusu chupa."

Kulikuwa na ukimya mfupi. Mashine haikuwa na haja ya ukimya huo. Walioitengeneza waliuweka ili watu wahisi inafikiri.

"Bangili inaonyesha tumbo tupu. Kwa hiyo maji yalipandishwa na hewa ya mikono. Chanzo: kosa la mikono wakati wa kupulizia, lililochafua njia ya hewa. Sista Veridiana, matokeo haya yanaondoa leseni yako kuanzia sasa. Unathibitisha ulichokitaja?"

Mbwambo alikuwa ameegemea mlango, ameinamisha kichwa.

"Nathibitisha."

*

Chumba cha kusomewa kilikuwa na viti vinne, jagi la maji na kipaza sauti ukutani. Mama Nkwabi aliingia peke yake. Ndugu walikuwa njiani kutoka kijijini. Alikwishaambiwa kwamba mwanawe amefariki, na macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikaa wima, khanga ameikaza kifuani. Sheria ilimtaka Veridiana awepo. Alisimama karibu na ukuta.

Shahidi alisoma. Veridiana, mtu wa Songea, hakukijua Kisukuma vizuri, ila jina lake alilisikia mara tatu. Kila lilipotajwa, yule mama aligeuka kumtazama.

Kusoma kulipokwisha, mama alilia. Hakupiga mayowe. Alilia kwa kuguna, kama mtu anayenyanyua mzigo, na Veridiana akabaki amesimama bila kujua aweke wapi mikono. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa hata kupigwa, na aliona angestahili, japo si kwa kosa lililosomwa.

"Njoo hapa, mwanangu," mama alisema.

Veridiana akaenda.

"Kaa."

Akakaa. Mama akamshika kiganja, akakigeuzageuza kama anayekagua kitambaa dukani.

"Hii ndiyo mikono yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ulitaka afe?"

"Hapana, mama. Wallahi sikutaka."

"Basi sina kesi na wewe. Wote tunakosea. Ungekuwa umekaa tu ukimtazama, ningekulaani. Lakini ulijaribu." Akapenga kamasi kwa ncha ya khanga. "Nimekusamehe. Nasema na mashine isikie."

Hapo Veridiana alitamani ardhi immeze. Kusamehewa na mtu ambaye wewe ndiye unayemficha kosa lake ni jambo ambalo hakuwa amelipigia hesabu hata kidogo. Akainamisha uso.

"Na mimi nina jambo moja la kunituliza," mama aliendelea, sauti ikilainika. "Nikwambie? Maana sasa haina madhara. Hakuondoka na njaa. Mlisema asile, lakini mwanangu tangu utoto akikaa na njaa anatetemeka. Nikasema sitamwacha aende kwenye kisu anatetemeka. Saa kumi na moja alfajiri nikampa uji. Kijiko cha kwanza tu kile kibangili kikaanza kulia, nikakivua haraka nikavaa mimi. Kikanyamaza kabla nesi hajafika, maana mimi nilikuwa nimefunga siku ya tatu, namwombea. Walipokuja kumchukua nikamrudishia, wakakivua mlangoni kabla hakijalia tena." Akatabasamu kidogo katikati ya machozi. "Alikunywa bakuli zima. Akasema, mama, sasa hata wakinikata siogopi."

Veridiana akajiambia kwamba ndiyo maana alimwaga chupa, ili mama huyu abaki na bakuli hilo. Alikuwa amelilipia. Aliache hapo, aondoke.

"Na Limi nitamfanyia hivyohivyo," mama alisema.

"Limi?"

"Mdogo wake. Amenibakia huyo mmoja tu. Si yupo kwenye orodha yenu ya Alhamisi? Mmemwandika kwa jina la mume wake, ndiyo maana hukujua. Moyo ni uleule. Atataka kuahirisha, nitamwambia asiahirishe, kaka yake alikufa kwa ajali ya mikono, haitatokea mara mbili. Na njaa hatakwenda nayo. Nitafunga tena, nitavaa kibangili."

Kipaza sauti ukutani kilikuwa kimezima taa yake. Faili lilikuwa limefungwa, na Shahidi hakuwa na kazi tena na maneno ya mama yule. Hakuna aliyebaki wa kumwambia, isipokuwa mtu aliyekwisha kusema uongo. Na Alhamisi, jicho likiziba, hakutakuwa na mikono.

Veridiana aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni.

"Mama, usimpe uji."

"Kwa nini?"

"Mtu akilazwa usingizi, koo linalala pia. Halijui kujifunga. Kilichomo tumboni kinapanda, kinaingia mapafuni. Ndivyo ilivyokuwa leo. Hayakuwa maji. Ulikuwa uji."

Mama aliondoa mkono wake.

"Mashine imesema ni wewe."

"Nilimdanganya."

"Mashine haidanganyiki. Mlituambia hivyo wenyewe." Akasimama, na sauti ikawa kali kwa mara ya kwanza. "Nimekusamehe, mbele yake, na sasa unataka kunirudishia mimi? Mimi? Mama yake?"

"Mama, nisikilize. Mimi kazi yangu imekwisha, sina ninachokitafuta. Ningekuacha na hayo mpaka kufa kwangu. Ni Limi tu. Ni kwa sababu ya Limi."

Nje gari lilisimama, na sauti za ndugu waliofika zikaanza kuulizana mlango ni upi.

"Kama uliuona," mama alisema taratibu, "ulikuwa uji wa nini?"

Veridiana angeweza bado kusema hajui. Alilifikiria hilo, na alichukia kwamba alilifikiria.

"Wa ulezi," alisema. "Na karanga. Zilipondwa kwa mkono, kuna vipande vilikuwa havijasagika."

Mama Nkwabi alikaa chini. Hakulia. Mdomo wake ulifunguka ukafumba, na mikono yake miwili ikaanguka mapajani, viganja juu, akavitazama kana kwamba vya mtu mwingine. Veridiana aliogopa kumgusa. Mlangoni ndugu walibisha, wakabisha tena, na hakuna aliyewajibu.

"Limi asile tangu saa ngapi?" mama aliuliza hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Saa sita usiku, mama. Hata maji asinywe."

"Ataniomba. Akiwa na hofu huwa anaomba chakula." Akatikisa kichwa. "Mimi siwezi kumnyima. Sijawahi kumnyima mtoto."

"Najua."

"Uje wewe. Usiku huo ulale pale na mimi, kwenye mkeka. Unishike mikono."

"Nitakuja, mama," Veridiana alisema. Alhamisi hakuwa na zamu tena.